Pale Alipochomeka Mwavuli

Jumapili, tarehe 16 Agosti 2015, saa nne na robo asubuhi. Mawingu yalikuwa yametanda, upepo ulivuma kutoka baharini, mvua haikuwapo. Zilikuwa siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida. Maji yalikuwa yamekupwa mpaka mwisho wake, na ufuo ulilala mtupu kama ua lililofagiliwa. Ndipo nilipovaa hedifoni, nikawasha mashine, nikaanza kazi.

Nayapanga mambo hivyo kwa sababu ndivyo tulivyofundishwa: kwanza tarehe, kisha saa, kisha hali ya hewa, ndipo jambo lenyewe. Nilisoma shule ya bweni ambako kitanda kilichotandikwa ovyo kilipinduliwa mbele ya mwenyewe, na mtu akisema neno alisimama nalo hata likimuunguza. Sijawahi kuionea haya shule ile. Kazi ya upimaji ardhi niliifanya kwa kanuni zake mpaka nikastaafu, na hata hii shughuli yangu ya uzeeni, ya kutafuta kwa mashine vitu vilivyofukiwa ufukweni, naifanya kwa kanuni zilezile.

Aliyeniita asubuhi ile alikuwa kaka mkuu wa shule yetu. Siku hizi ni mkandarasi mwenye kitambi na magari mawili, lakini sisi wa enzi zile bado tunamwita Kaka Mkuu. Naye bado huniita Rula, jina nililopewa darasani kwa kupenda mistari iliyonyooka. Nina deni kwake. Nikiwa kidato cha pili, ukingo wa mto nyuma ya bwalo ulimeguka wakati wa mafuriko, nikaenda nao. Wenzangu walipiga kelele. Yeye alijitosa na sare zake na viatu vyake, akanitoa kwa ukosi wa shati. Tangu siku ile hajawahi kunitajia habari hiyo, na kwa kutoitaja kwake nilizidi kumheshimu.

"Rula, hili ni jambo la nyumbani," aliniambia tukishuka ngazi za saruji kuelekea mchangani. "Jana tulikuja hapa na watoto. Shemeji yako akavua pete yake kabla ya kuingia majini. Ile ya marehemu mama yake."

"Ile nyembamba?"

"Hiyohiyo. Akanipa mimi, mimi nikamkabidhi dada wa kazi aishike. Tulipotaka kuondoka, dada anasema hajakabidhiwa kitu. Hivihivi, macho makavu! Nikampeleka kituoni jana jioni."

"Sasa mimi unaniitia nini?"

"Shemeji yako hajalala. Anasema tusimwonee mtoto wa watu, huenda alikabidhiwa ikamdondoka, akaogopa kusema. Basi pitisha mashine yako, useme ipo au haipo. Ukisema wewe, atakubali. Kila mtu anajua neno lako halina kona."

Nakiri kwamba maneno hayo yaliniingia vizuri.

Nilichomeka vigingi vya mianzi, maana mwenye akili hapeleki chuma mahali anapotafuta chuma. Nikafunga kamba, nikaligawa eneo lote katika vichochoro vya upana wa hatua moja. Kaka Mkuu alinionyesha mahali ulipokuwa mkeka wa dada na watoto, karibu na ngazi. Aliponiona navuta kamba mpaka chini zaidi, upande wa maji, alikunja uso.

"Huko nilikuwa mimi tu," alisema. "Nilichomeka mwavuli nikajilaza. Usipoteze muda huko."

"Napima eneo lote au sipimi kabisa."

"Haya, Rula. Piga mistari yako."

Mashine yangu ni fimbo ndefu yenye sahani chini na kioo kidogo juu. Sahani inapopita juu ya metali, mlio huja masikioni na namba hutokea kwenye kioo. Msumari una namba zake, sarafu ina zake. Viko pia vile vishikio vya makopo ya bia na soda, ambavyo watu huvikwanyua na kuvitupa popote walipo. Navyo vina namba zao, na mwenye mashine akiona vinamchosha huweza kubonyeza kitufe, mashine ikanyamaza kabisa kwa namba hizo. Katika kundi letu la watafutaji wako wasiobonyeza kamwe. Huchimba kila mlio, wakarudi nyumbani na mfuko wa taka na kiuno kinachouma. Mimi huwaita kuku.

Karibu na ngazi nilipata sarafu mbili na kijiko cha chai. Nilipofika pale alipochomeka mwavuli, masikio yalinijaa kelele. Nilichimba mara tatu. Vishikio vitatu.

"Jana mlikuwa na kiu," nikamwambia.

"Tulikuja kupumzika, hatukuja kwenye maombi," alijibu akicheka. Kisha akatazama saa yake.

Nikabonyeza kitufe. Kelele zikakatika, ufuo ukawa kimya na safi kama nilivyopenda. Nikaendelea kichochoro baada ya kichochoro, bila haraka, bila kuruka hatua, mpaka kigingi cha mwisho.

"Haipo," nikasema.

"Una hakika?"

"Nikisema haipo, haipo."

Kaka Mkuu alishusha pumzi ndefu. Nilidhani ni masikitiko.

Kituoni tulimkuta sajini mmoja, mtu mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, akinywa chai. Nilimweleza nilivyopima, naye akaandika maelezo yangu pole pole, nikayasoma, nikatia saini. Dada wa kazi alikuwa ameketi kwenye benchi la ukutani, miguu peku, kitenge amekikaza kifuani. Alikuwa msichana wa miaka ishirini na kitu hivi. Hakulia. Aliniangalia tu, kama mtu anayesubiri kusomewa majibu ya hospitali.

"Mzee, shikamoo."

"Marahaba."

"Umetafuta kote?"

"Kote."

"Na kule alikokuwa baba, kwenye mwavuli?"

"Na kule."

Aliinamisha kichwa. "Basi labda nimerukwa na akili. Maana mimi pete sikuishika, mzee. Hata kuigusa." Kisha akamgeukia sajini. "Afande, mwanangu yuko kwa jirani tangu jana asubuhi. Nilimwambia narudi jioni. Hajazoea kulala bila mimi."

"Jirani si mtu? Atalala," alisema sajini, bila ukali. "Saa kumi na mbili gari linakuja kukupeleka kituo kikuu. Kesho mahakamani. Utayasema huko." Akaigonga gonga karatasi niliyotia saini. "Mwanzoni ilikuwa neno lako na neno la bosi wako. Sasa mtaalamu amesema mchangani hakuna kitu. Mimi nifanye nini?"

Kaka Mkuu alinishika bega tulipotoka. "Ahsante, ndugu yangu. Bweni halijafa."

Nilifika nyumbani saa nane, nikaiegemeza mashine kwenye ukuta wa jikoni ili niifute chumvi. Mke wangu, ambaye ni fundi cherehani na hana adabu yoyote kwa shughuli yangu hii, alikuwa anakuna nazi.

"Umeleta nini leo, mwindaji? Misumari?"

"Leo haikuwa mchezo." Nikamsimulia. Alinisikiliza mpaka mwisho, mkono umesimama juu ya mbuzi.

"Na wewe ukasema haipo."

"Haikuwapo."

"Masikini binti wa watu." Akaja kuifuta sahani ya mashine kwa kitambaa, maana hapendi mchanga jikoni mwake. Nilikuwa nimechomoa hedifoni, lakini sijaizima. Mkono wake wa kushoto, wenye pete niliyomvisha mwenyewe, ulizunguka juu ya ile sahani mara moja, mara mbili, mara tatu.

Mashine haikulia.

"Baba," alisema mke wangu, ameona nilivyotoa macho, "hii si inalia ikiona dhahabu?"

"Pitisha tena mkono."

Akapitisha. Kimya.

"Ahaa!" Aliweka mkono kiunoni. "Kumbe ndivyo! Miaka yote hii nimevaa shaba! Ulimwambia baba yangu ni dhahabu, ukala na pilau!"

Sikuweza kucheka. Nilibonyeza kile kitufe, nikazifungulia namba nilizozifunga asubuhi. "Pitisha."

Mashine ikalia kwa sauti kali, iliyo wazi. Nikatazama kioo. Pete ya mke wangu, nyembamba, ya dhahabu halali, ilikuwa imesimama kwenye namba ileile ya kishikio cha kopo la bia.

Nilijua jambo hilo. Kila mtu wa kazi hii anajua kwamba dhahabu nyembamba na vishikio vya makopo hukaa nyumba moja. Huchagui. Ukikataa kimoja umekataa vyote. Nilikuwa nimelijua na kulidharau, kwa kuwa kuinama kuchimba taka kulinishushia hadhi. Kwa hiyo nilikuwa nimepita juu ya ufuo ule nikiwa kiziwi, kisha nikaenda mbele ya sajini nikatia saini kwamba nimesikia.

"Maji yanajaa saa ngapi?" aliniuliza mke wangu, ameshavua kanga ya jikoni.

"Saa kumi na moja yatakuwa yamefika kwenye ngazi."

"Sasa umekaa unafanya nini?"

Njiani nilimpigia Kaka Mkuu, maana si desturi yangu kumzunguka mtu. Nilimwambia kwamba nimekosea, kwamba nayafuta maelezo yangu, na kwamba narudi kupima upya.

Nilisikia mlango ukifungwa upande wake, sauti ikashuka.

"Usiende, Rula," alisema. "Umeshatamka. Umetia saini. Unataka watu wakucheke?"

"Watacheka."

"Nisubiri, basi. Usiguse kitu mpaka nifike."

Sikumsubiri.

Saa tisa na nusu bahari ilikuwa imeshameza nusu ya vichochoro vyangu. Vigingi vya upande wa maji vilikuwa vikitikisika katika povu, na kamba ilielea kama nyuzi za mshono uliofumuka. Mawingu yalikuwa yameshuka zaidi na upepo umekuwa mkali. Mahali alipochomeka mwavuli palibakiwa na upana wa chumba kimoja kabla ya maji. Kila wimbi kubwa lilitupa ulimi wake pale, likauvuta, likaacha mchanga umelainika.

Na bamvua ile ingekuja usiku na kurudi kesho. Pete iliyosalimika maji mawili tangu jana isingesalimika na haya. Ingezama chini kuliko uwezo wa mashine, au ingekokotwa, na saini yangu ingebaki ndiyo shahidi wa kumfunga binti yule.

Nikafungua namba zote. Kelele zikanivamia. Nilipiga magoti, jambo ambalo mgongo wangu haulipendi, nikaanza kuchimba kwa upawa wangu wenye matundu. Kishikio. Nikachimba tena. Kishikio. Kizibo cha chupa. Kishikio. Mke wangu alikuwa amebeba beseni la kufulia. Kila nilichotoa alikitupa humo, kikalia ndani ya plastiki.

"Leo umekuwa kuku," alisema.

"Leo nimekuwa kuku."

"Donoa, basi. Maji hayo."

Wimbi lilifika magotini mwangu, likajaza shimo, kingo zikaporomoka. Mke wangu alichota mchanga kwa beseni, akaupiga kofi kofi akajenga kijiukuta mbele yangu. Kikasimama kwa mawimbi mawili, la tatu likakilaza. Akajenga kingine. Mimi nikachimba. Kishikio. Kishikio. Kipande cha karatasi ya sigara, ile ya kung'aa.

Niliposikia mlango wa gari ukifungwa kule juu, sikuinua kichwa.

Kaka Mkuu alishuka ngazi na viatu vyake vya ngozi, akaja mpaka alipoweza kuja bila kulowa. "Rula! Inuka hapo. Unajidhalilisha."

"Shemeji," mke wangu alimwambia, mchanga umempaka mpaka kwenye viwiko, "wewe si mkandarasi? Vua viatu uje utujengee ukuta. Wangu unabomoka."

Alitazama viatu vyake. Hakuja.

Nilipitisha sahani tena. Palikuwa na mlio mmoja uliobaki, katikati kabisa ya eneo lile. Nilichimba kina cha kiganja. Kishikio kingine, kimejikunja. Mke wangu akakipokea, nami nikawa karibu kuondoa goti. Lakini iko kanuni ya kwanza kabisa ya kazi hii, ambayo kuku wote wanaifuata: ukishatoa kitu, pitisha mashine juu ya tundu lilelile tena, maana cha juu huficha cha chini. Nikapitisha.

Ikalia. Hafifu, lakini namba ilisimama pale pale bila kuyumba.

Nililala kifudifudi mchangani, nikatia mkono wote ndani ya tundu. Pembeni mchanga ulikuwa mgumu, umeshikana. Katikati ulikuwa laini, ukishuka chini kama bomba. Nilikuwa nagusa njia ya mti wa mwavuli. Ulipong'olewa, tundu lilibaki wazi, na kitu kikaangukia humo kabla bahari haijalifukia. Wimbi lilinipita mgongoni, likaingia shingoni na masikioni. Nikasikia mke wangu akiita jina ambalo huniita tukiwa wawili tu. Sikutoa mkono. Ncha za vidole zikakuta duara dogo, baridi, lenye kijiwe upande mmoja.

Nilipoinuka nikitema maji, Kaka Mkuu alikuwa amesimama kando yangu. Viatu vyake vilikuwa ndani ya maji na hakuwa na habari navyo. Tuliitazama pete kiganjani mwangu, sisi sote watatu.

"Mwenyewe ulisema huku ulikuwa wewe tu," nikamwambia.

Alipangusa uso. "Niliitia mfukoni mwa shati, shati nikalitundika kwenye mwavuli. Wallahi, jana mchana niliamini kabisa nimempa dada. Nilikuwa nimekunywa. Nilikuja kukumbuka usiku, niko kitandani."

"Usiku. Na asubuhi ukanileta hapa."

"Shemeji yako ndiye aliyetaka. Ningekataa vipi? Ningemwambia nini, Rula? Pete ya mama yake, nimeipoteza nikiwa mlevi, halafu nimemfunga binti asiye na kosa? Angerudi kwao leo leo." Akaisogeza sauti karibu. "Sikiliza. Nipe mimi. Nitasema nimeikuta kwenye begi la dada. Nitamsamehe, nitafuta shauri hapo hapo. Saa kumi na mbili haijafika, analala na mwanawe. Nani ameumia? Na wewe neno lako linabaki palepale. Ulisema mchangani haipo. Haikuwapo."

Mke wangu alikuwa amesimama na beseni la vishikio, akinitazama.

Nitaeleza ukweli. Niliyapima maneno yale. Binti angetoka. Saini yangu ingesimama. Hakuna kijana wa kundi letu angejua kwamba yule anayewaita kuku alipita juu ya dhahabu asubuhi kweupe akaiacha. Kwa muda wa wimbi moja, niliona njia iliyonyooka kuliko mstari wowote niliowahi kupiga.

Ndipo akaongeza: "Sijawahi kukudai kitu, Rula. Kwa lile la mtoni, sijawahi. Leo nakudai."

Nilifumba kiganja. "Twende kituoni," nikasema.

Alinipiga bega kwa furaha. "Ndiyo wewe!"

Tulifika saa kumi na moja na nusu. Gari la kituo kikuu lilikuwa limeshawasili mapema, linanguruma mlangoni, na dereva wake anamalizia muhogo wa kuchoma. Mke wa Kaka Mkuu, ninayemwita shemeji, alikuwa ndani. Alikuwa amemletea dada ndara na shuka, akasimama nazo mkononi kama mtu aliyesahau alichofuata. Dada alikuwa ameshainuliwa kwenye benchi. Sajini alituangalia, wazee wawili na mama mmoja tulioloa, tukidondosha mchanga kwenye sakafu yake.

"Nyie mmevunjikiwa na jahazi?"

Kaka Mkuu alitangulia. "Afande, habari njema. Pete—"

"Afande," nikasema, "nimekuja kuyafuta maelezo yangu ya mchana. Andika mengine."

Kaka Mkuu aligeuka akanitazama. Sajini akachukua kalamu.

"Leo, Jumapili, tarehe kumi na sita Agosti, saa kumi alasiri. Mawingu mazito, upepo mkali, maji yanajaa. Nimeipata pete hii." Nikaiweka mezani. "Nimeipata ndani ya tundu la mti wa mwavuli, mahali alipokuwa amejilaza huyu bwana, mbali na mkeka wa dada na watoto. Asubuhi nilipita juu yake, sikuisikia. Mashine haikuwa mbovu. Mimi ndiye niliyeifunga masikio kwa kiburi, nikasema haipo. Nilikosea."

"Pale palipokuwa na mwavuli?" aliuliza shemeji.

"Pale pale."

"Alikuwa amejilaza peke yake."

"Mwenyewe aliniambia hivyo asubuhi."

Sikusema zaidi. Habari za mfuko wa shati zilikuwa za mume wake kuzisema. Shemeji aliigeuza pete mezani kwa kidole kimoja, hakuivaa. Kisha akamtazama mumewe kwa muda mrefu. Mtu yule, aliyewahi kusimama mbele ya wavulana mia nne bila kupepesa, akatazama sakafu.

"Mke wangu, ilikuwa kwenye shati langu," alisema.

Shemeji alimwendea dada, akainama akamvisha zile ndara, mguu mmoja, kisha wa pili. "Mwanangu, nisamehe," alisema akiwa bado ameinama.

Dada alimgeukia sajini: "Naweza kwenda?"

Sajini alimtazama dereva mlangoni, akatikisa kichwa. Injini ya lile gari ikazimwa. "Andika jina lako hapa kwanza," alimwambia. "Halafu nenda kwa mtoto." Akanigeukia, amevua miwani. "Na wewe mtaalamu, hii ya pili ndiyo ya mwisho, au nisubiri ya usiku?"

"Ndiyo ya mwisho."

Mke wangu aliondoka na dada kuelekea kwenye gari letu, amemfunika lile shuka mabegani, anamwuliza mtoto wake anaitwa nani. Nilikuwa nawafuata Kaka Mkuu aliponifikia kwenye ngazi za kituo. Hakunishika bega safari hii.

"Nilidhani tumekubaliana."

"Nilisema twende kituoni. Tumekuja."

"Umenivua nguo mbele ya mke wangu."

"Nilitaja mahali ilipokuwa pete. Mengine umeyasema mwenyewe, na ulifanya vizuri."

Nilimwona tena kijana wa miaka kumi na minane aliyeruka na viatu ndani ya maji mekundu, na moyo wangu haukuwa jiwe.

"Nilikutoa majini, Rula. Wengine walisimama wakapiga kelele. Mimi niliruka."

"Uliruka. Sikukana, wala sitakana mbele ya mtu yeyote."

"Basi nilikuwa nakudai. Kitu kimoja tu, maisha yako yote."

"Unanidai," nikasema. "Siku utakapozama, niite, nitajitosa na nguo zangu. Lakini ulitaka nikulipe jina la yule binti, na jina lake si mali yangu. Deni hilo, kwa namna hiyo, silipi."